Saa Niliyoikereza Kutoka Mtumbwi wa Baba

Mimi sina subira, na sioni haja ya kuficha. Mume wangu husema nikianza kukereza saa, maharage yanaungua jikoni, madaftari ya wanafunzi yanalala bila kusahihishwa, na mbuzi wetu wanahamia shambani kwa jirani. Ni kweli tupu. Lakini yeye hajawahi kusimama mbele ya mashine wakati kipande cha mti kinazunguka, akagusisha patasi, ganda la nje likaruka, na ghafla ikatokea rangi ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona. Moyo unadunda! Nimeshakereza saa nyingi za ukutani, na kila mara nikifika hapo napiga kelele peke yangu bandani.

Banda lenyewe liko nyuma ya nyumba yetu, Nyamigogo, wilayani Biharamulo, ninakofundisha shule ya msingi. Mota ya mashine yangu iliwahi kusaga mahindi. Patasi nilifuliwa na mhunzi kutoka kwenye tupa zilizochakaa. Kazi nilifundishwa na fundi mmoja wa Kanazi, mtengeneza vitanda, ambaye siku ya kwanza alinipa ufagio akidhani nimekuja kuomba kibarua cha usafi. Nilimrudishia ufagio wake. Siku ya tatu akanipa patasi, na tangu hapo tumeelewana.

Saa zangu siuzi, ni za zawadi: mtu akioa, akibatizwa, akistaafu, akihamia nyumba mpya. Ile mashine ndogo ya ndani, yenye betri na mishale, naagiza Mwanza. Kilichobaki chote ni mti, na mti nauchagua mwenyewe. Mninga kwa watu wazito, mfenesi wa njano kwa maharusi, na msizi kwa walimu wenzangu, maana mti huo ni mwepesi na sisi tumechoka.

Sasa, mwaka ule wazazi wangu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jubilei! Misa ya shukrani, turubai uani, ndugu kutoka pande zote, na yote hayo nyumbani kwetu Murusagamba, kule Ngara karibu na mpaka wa Burundi. Mimi ndiye binti yao mkubwa. Nikaapa kwamba nitawapa saa ya mti ambao haujawahi kutundikwa kwenye ukuta wowote. Mninga? Kila nyumba ina kitanda cha mninga. Mfenesi? Maharusi wa majuzi wote wanao ukutani kwao. Wiki tatu nilizunguka kwa mafundi nikigongagonga mbao, nikizilowesha kwa mate nione mistari yake, mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nina njaa.

Likizo ya Juni ilipoanza nikaenda Murusagamba kuwasaidia wazazi kupanga mambo. Asubuhi ya pili, nikitafuta mayai nyuma ya jiko, nikauona.

Ulikuwa mtumbwi wa baba. Siyo wa majini. Huu ni ule wa kukamulia ndizi za pombe, gogo refu lililochimbwa katikati likabaki na kuta mbili na vichwa viwili. Ulikuwa umepinduliwa juu ya mawe, kuku wanatagia chini yake. Baba alikuwa hajaugusa miaka kadhaa tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Kichwa kimoja kilikuwa na ufa. Nikachomoa kisu changu cha mfukoni, nikakwangua kidogo karibu na ufa. Maji ya ndizi ya miaka na miaka yalikuwa yameingia ndani ya mti yakauchora! Michirizi ya zambarau iliyokoza, kahawia, mingine myeusi kama wino, ikipita katikati ya mti wa rangi ya asali. Hakuna mbao ya duka lolote yenye urembo ule. Nilikwangua tena. Nilipiga magoti kwenye mavi ya kuku nikacheka.

Baba hakuwepo, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kanazi kumwalika mtu. Nikamfuata mama, aliyekuwa anajifunga kitenge awahi sala ya jumuiya.

"Mama, ule mtumbwi bado mnautumia?"

"Upi? Ule wa kuku?" Mama alikuwa anatafuta rozari yake. "Ule kuku ndio wenyewe siku hizi."

Nikahesabu hiyo kuwa ruhusa. Hapa lazima niseme ukweli wote. Kwetu mtumbwi ni wa mwanamume. Mama anaweza kuufagia, kuupindua, kuufugia kuku, lakini neno lake juu ya mtumbwi halizidi neno la kuku wenyewe. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Na ndiyo maana nilimwuliza mama.

Nilikata kile kichwa chenye ufa kwa msumeno wa mkono, jasho likinitoka, nikihofia baba asije akarudi. Kilikuwa kizito, maana kichwani mchimbaji huacha mti mzima bila kuuchimba. Nikakifunga kwenye gunia. Mtumbwi nikaurudisha juu ya mawe, upande uliokatwa nikauelekeza ukutani, kuku wakarudi kwao. Jioni baba alirudi, tukala, sikusema kitu. Nilijiambia zawadi ni siri.

Siku mbili baadaye nilikuwa bandani kwangu Nyamigogo, na nadhani sijawahi kufurahi vile mbele ya mashine. Nilipasua kipande kinene, nikakichonga duara la ukubwa wa sinia dogo, nikakifunga, nikawasha. Patasi ilipogusa, banda zima likanuka pombe! Ndiyo, pombe ya ndizi, rubisi halisi, ikatoka ndani ya mti uliokauka miaka yote hiyo. Mume wangu akaja mbio kutoka sebuleni.

"Nani anapika pombe humu?"

"Babu yangu," nikamjibu, maana ndiye aliyeuchimba ule mtumbwi alipooa.

Nilikereza siku nne. Ukingo nikauviringisha, uso nikaulainisha kwa msasa mpaka ukawa kama shavu la mtoto. Badala ya namba niliweka vigingi kumi na viwili vya mfenesi, vya njano, vidogo kama punje za mahindi. Ufa nikaujaza unga wa mti ule ule na gundi, ukapotea. Nta ya nyuki nikapaka mara tatu, na kila nilipopaka michirizi ilizidi kuchomoza, ikitoka katikati kuelekea ukingoni. Nilipoitundika ukutani nikasimama mbele yake nikaisalimia. Nilisema shikamoo kwa saa, na sioni aibu.

Jumapili, siku sita kabla ya jubilei, baba akapiga simu.

Baba hapigi simu. Baba hubipu, wewe ndiye unapiga. Nilipoona inaita mfululizo nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Nimeshafukia ndizi shimoni. Mikungu kumi na minne. Alhamisi tunakamua."

"Baba, si tulisema tutaagiza pombe?"

"Ya kuagiza ni ya wageni wa kawaida. Hii ni jubilei yangu na mama yako. Nitawanywesha watu kutoka mtumbwi wa baba yangu. Kesho nautoa nyuma ya jiko, naujaza maji uvimbe."

Nikaitazama saa ukutani. "Baba... ule si una ufa?"

"Ufa wa kichwani? Ule naupaka nta. Babu yako mwenyewe aliuziba mara mbili." Akacheka. "Njoo mapema uonje."

Katika ukoo wetu, pombe ya msiba unaweza kukamulia kwenye mtumbwi wa kuazima, na ya kuuza pia. Ya kuoa na kubatiza hukamuliwa kwenye mtumbwi wa nyumba yenyewe. Ukiazima watu watakunywa vizuri tu, halafu watasema njia nzima wakirudi makwao. Na baba, mzee wa miaka hamsini ya ndoa, angeazima mtumbwi kwa sababu binti yake alitaka urembo wa ukutani. Nikaketi juu ya maranda ya babu yangu nikalia.

Lakini mimi siwezi kulia muda mrefu, sina subira hata ya hilo. Nikainuka. Kama ulimwengu una mkereza mbao mwenye akili, nikasema, basi ataziba kichwa cha mtumbwi. Nilitia kwenye mfuko patasi, msumeno, bonge la nta na ubao mnene wa mninga niliokuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya afisa elimu. Saa nikaifunga kwenye khanga. Mume wangu alinitazama nikihangaika, mikono kiunoni.

"Unakwenda kuomba msamaha au kujenga mashua?"

"Vyote," nikamwambia.

Niliondoka Jumatatu na gari la kwanza, na ile barabara ya Murusagamba, kwa mawe yake na vumbi lake, sikuwahi kuiona ndefu namna ile. Nilifika jua likianza kupoa. Mtumbwi ulikuwa katikati ya uwanja, umegeuzwa juu, na mwisho mmoja uko wazi kabisa. Baba ameketi kwenye kigoda pembeni yake, fimbo katikati ya magoti. Mama yuko mlangoni pa jiko anapukuchua maharage kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakunitazama. "Mwalimu, wewe umesoma, hebu nieleze. Ni mwizi gani anaiba kichwa cha mtumbwi, anaacha kiwiliwili?"

"Ni mimi, baba."

Mama akaacha kupukuchua. Nikaeleza yote hapo hapo nimesimama, bila kupumua: mayai, kisu, rangi, rozari, gunia. Niliposema nilimwuliza mama, baba akamgeukia mama, na mama akatazama maharage. Kisha nikaifungua khanga nikampa saa mikononi, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi.

Baba hakuangalia mishale. Aliinusa kwanza. Akafumba macho, akainusa tena, na mimi nikaanza kupata matumaini. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, akaizungusha saa yote, akarudia mara ya pili, kana kwamba kuna kitu kimedondoka.

"Alama ziko wapi?"

"Alama gani, baba?"

"Za juu ya kichwa. Zilikuwa tisa."

Hapo ndipo nilipozikumbuka. Zilikuwepo, ndiyo, mikato midogo imepangana juu ya kichwa cha mtumbwi, na mimi nilidhani ni panga la mtu aliyekuwa anakata ndizi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuondoka. Niliikwangua kwa pigo moja nikashangilia, maana chini yake rangi ilikuwa safi.

"Babu yako hakujua kuandika," baba akasema. "Kila pombe ya sherehe ya nyumba hii alikata alama moja. Mimi nikaendeleza."

Nikasema nisamehe, baba. Nilisema kwa Kihangaza chetu, maana kwa Kiswahili neno lilikuwa jepesi mno. Akanirudishia saa.

"Ifunge. Zawadi hutolewa siku yake." Kisha akaona mfuko wangu. "Na huo ubao?"

"Nimekuja kuziba."

"Wewe?"

"Mimi."

Akaitazama mikono yangu kwa muda, makovu ya patasi na kucha zilizojaa nta. "Haya," akasema. "Ziba."

Siku mbili zilizofuata sitazisahau, na nitasema wazi, zilikuwa za furaha tele! Nilikuwa sijawahi kufanya kazi na baba. Nilikata boksi la sabuni kupata umbo la tumbo la mtumbwi, nikachonga ubao wa mninga ulifuate, nikachimba mfereji kwenye kuta na chini ili ubao uzame ndani yake. Baba aliketi kwenye kigoda akielekeza kwa fimbo. Nilipotoa gundi akaruka kwa magoti yake mabovu yote mawili.

"Gundi? Unataka Padri anywe gundi?"

"Inashika vizuri, baba."

"Itashika na utumbo wake!"

Basi tukatumia nta na nyuzi za mgomba, alizozisokota mwenyewe juu ya paja, na mimi nikazishindilia kwenye mfereji kwa mpini wa patasi. Jumanne jioni tukajaza maji. Yakavuja pande tatu. Nikapiga teke ndoo, nikataka kuung'oa ubao nianze upya saa ile ile.

"Acha mti unywe," baba akasema. "Wewe unataka kila kitu kisimame leo."

Sikulala vizuri. Jumatano kulipopambazuka nikatoka na khanga moja, umande unanilowesha miguu, nikaweka kiganja chini ya ubao. Pakavu! Nikapapasa kulia, pakavu. Kushoto, pakavu. Mti ulikuwa umekunywa ukavimba ukajibana wenyewe. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na panga akidhani ni nyoka.

Alhamisi vijana wa jirani wakaja kukamua. Wakamenya ndizi zilizoiva njano ya kung'aa, wakazichanganya na nyasi, wakaanza kukanda wakiimba, povu likapanda. Maji ya ndizi yakakimbilia kwenye ubao wangu yakakaa hapo, mazito, matamu, bila tone moja kutoka. Baba akachota kwa kibuyu, akaonja, akanipa. Mama alinitazama nikinywa, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na mambo ya rozari yakaishia hapo.

Jumamosi, baada ya misa, uwanja ulijaa. Watu walikunywa wakasifu, na kila aliyekuja kuchota aliugonga ule ubao mwekundu akauliza fundi ni nani. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nikisubiri waulize kwa sauti zaidi. Zawadi zikaanza: mabati, mbuzi wawili, magodoro, blanketi. Nilipoitwa, nikaipeleka saa imefunguliwa. Watu wakaguna kwa mshangao, wengine wakasimama waione. Ilikuwa imeng'aa, na haikuwa na kasoro hata moja.

Baba akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaingiza mkono kwenye koti lake la sherehe, akatoa kisu.

"Baba!" nikasema. "Nimepaka nta mara tatu!"

Hakunisikia, au hakutaka. Akaiweka saa magotini, akasimamisha ncha ya kisu kwenye ukingo wangu laini, akakata. "Hii ni baba yangu alipooa," akasema kwa sauti. Akakata ya pili. "Hii ni ubatizo wangu." Mikato haikuwa sawa, na mimi kila aliposukuma kisu nilihisi meno yananiuma. Akakata ya tatu, na kabla hajasema, shangazi, dada yake mkubwa, akapaza sauti kutoka kwenye mkeka: "Hiyo ni harusi yangu, usiiruke!" Watu wakacheka. Ya nne ilikuwa harusi yake na mama, na wazee watatu wakajibu kwamba walikuwepo, na mmoja akadai alilewa siku mbili. Ya tano ilikuwa ubatizo wangu. Nilikuwa sijui kwamba nimo. Nilikuwa nimejikwangua mwenyewe kwa patasi yangu, na sasa baba ananirudisha taratibu mbele ya watu wote. Machozi yakaanza kunitoka, nikayaacha. Kufika ya nane uwanja mzima ulikuwa unataja kabla yake, wakibishana, wakisahihishana, watu waliozinywa pombe zile wakipiga makofi. Ya tisa ilikuwa harusi ya mdogo wangu, na hapo vijana nao wakapata la kusema.

Baba akafuta kisu kwenye suruali. Akanipa.

"Ya leo kata wewe."

Nimekereza miti migumu kuliko mfupa, lakini kwa patasi, si kwa kisu. Nilikandamiza, nta ikateleza, kisu kikaponyoka kikachora mkato mrefu uliopinda, ukatoka ukingoni ukaingia mpaka usoni pa saa. Watu wakasema aaah. Nilikasirika kiasi kwamba niliona giza. Msasa huwa hauniachi, ulikuwemo hata kwenye pochi ya sherehe. Nikautoa, nikainama nisawazishe haraka kabla hawajaona vizuri.

Baba akaufunika ule mkato kwa kiganja chake, akakiacha hapo, akaniambia niende nikale.